Waliotema Bila Kutaja Jina

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni Evelina mwenyewe, mwezi wa Juni mwaka 2014, huko Mlimba, nyumbani kwa mdogo wake Oliva, siku ya tatu baada ya arobaini ya shemeji yao. Alisimulia akichambua mchele kwenye ungo, hakuinua uso, na hakutaka kumtisha mtu. Alisema umri umekwenda, na kuna jambo ambalo watakaobaki nyumbani watapaswa kulijua kama yeye atatangulia. Oliva, aliyekuwapo tangu mwanzo, alimsahihisha mahali pawili tu.

Jambo moja lieleweke mapema. Evelina na mumewe Leodegar walipata mtoto wao wa kwanza, binti, mwaka 1971. Alifariki kwa homa mwaka 1978, akiwa na miaka saba. Kama ilivyo desturi, watu wa Ifakara, walikoishi, waliendelea kumwita Evelina kwa jina la mtoto huyo, hata baada ya kuzaliwa Beatus na Rosemery. Jina hilo halikuandikwa humu. Panapotamkwa, pamewekwa mstari. Sababu itaonekana.

Leodegar alikuwa seremala. Mwaka 1995 alijenga chumba cha mbele cha nyumba yao ya mtaa wa Viwanja Sitini, akatengeneza rafu za mninga, na Evelina akafungua duka la mvinyo. Watu walicheka. Walijua pombe ya komoni, walijua ulanzi wa mianzi unaoshushwa kutoka milimani, walijua bia kwa wenye nafasi. Mvinyo kwao ulikuwa kitu cha altare. Lakini mpunga ulikuwa umekubali miaka ile, harusi zilifuatana, na bwana harusi aliyeweka chupa ya mvinyo meza kuu alizungumzwa mwezi mzima.

Agosti 1996 alifika mgeni aitwaye Pantaleo. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye kiwanda cha mvinyo Dodoma, akapunguzwa kazini, na sasa alizunguka nchi na makreti ya chupa. Alimwambia Evelina kwamba watu hawanunui wasichokijua. Awakaribishe wachache waonje, waonje kwa utaratibu, kisha hao ndio watakaopeleka habari.

Walioketi mezani Jumamosi ile saa tisa alasiri walikuwa sita, si kumi kama wengine wanavyopenda kusema. Evelina na Leodegar. Pantaleo. Oliva, aliyekuja kutoka Mlimba kwa treni kumsalimia dada yake. Serafina, nesi, jirani wa ukuta kwa ukuta. Na Mzee Masalu, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka michache nyuma, ambaye hakualikwa. Alikuwa anapita na baiskeli akaona bilauri zimepangwa.

"Kwanza mnatazama rangi," alisema Pantaleo. "Pili mnanusa. Tatu mnachukua funda, mnalizungusha mpaka lifike chini ya ulimi. Halafu usimeze. Tema."

"Niteme?" Masalu aliweka bilauri chini. "Mwalimu, umetoka Dodoma na njaa yenu ile, umekuja kutufundisha kumwaga?"

"Ukimeza, mzee, ukifika chupa ya nne hutajua tena ya kwanza ilikuwaje."

"Mimi ng'ombe wangu mia mbili nawajua hata nikiwa nimelewa. Nitashindwa na chupa nne?"

Wakacheka. Pantaleo akaomba chombo cha kutemea. Ndoo zote zilikuwa na maji ya kunywa, kwa kuwa bomba la mtaa lilikuwa halijatoa maji siku mbili. Evelina aliingia chumbani, akanyoosha mkono juu ya kabati, akashusha beseni la bati jeupe, lenye ukingo wa bluu na ua jekundu katikati. Lilikuwa pale juu miaka kumi na minane. Ndilo alilomwogeshea binti yake tangu akiwa wa siku moja, na ndilo lililokuwa na maji ya kumkandia usiku wa homa. Alilifuta vumbi kwa kanga, akalileta mezani. Alikuwa na haraka na wageni walikuwa wanamsubiri. Hakuwaza zaidi ya hapo.

Kwao Evelina, upande wa Mahenge, kinywaji hakitemwi. Kinatemwa kwa shughuli moja tu: mzee wa ukoo anachukua funda, anampulizia marehemu chini, na papo hapo anamtaja kwa jina, ili ajue ni yeye anayeitwa na si mwingine. Evelina alikuwa ameliona hilo tangu utotoni. Lakini hii ilikuwa alasiri, dukani, na mtu wa kiwandani alikuwa anafundisha kazi yake.

Walionja. Serafina alikunja uso kwa chupa ya kwanza: "Huu unakausha mdomo kama kidonge kilichokwama." Oliva alipenda ya pili, akaziba mdomo kwa kiganja akicheka: "Huu mtamu jamani, naona haya kuutema." Akautema. Leodegar, mtu wa maneno machache, aliisukutua ya tatu muda mrefu, akatema, akatikisa kichwa: "Huu bado mtoto." Masalu alimeza zote nne, akaomba ya tano. Pantaleo alikuwa akirudia kila mara, kwa sauti ile ya mwalimu, "Zungusha. Usimeze. Tema."

Walipoagana saa kumi na moja, Evelina alichukua beseni akalimwage. Lilikuwa jepesi. Akachungulia. Halikuwa limemwagwa tu. Lilikuwa kavu, na lile ua jekundu, ambalo lilikuwa limefifia tangu zamani, lilikuwa linang'aa kama limelambwa.

"Oliva, umeshamwaga?"

"Nimwage nini, dada? Sijainuka hapa."

"Basi atakuwa Serafina," alisema Evelina, akalirudisha juu ya kabati. Pantaleo aliondoka kesho yake kwa treni kuelekea Mbeya, na hakuonekana tena Ifakara.

*

Jumanne Evelina alipika perege wa nazi. Leodegar alikula matonge mawili, akanawa.

"Umesahau chumvi, mama."

Evelina akaonja. Akaonja tena. Akachukua kijiko cha chumvi yenyewe, akakiweka chote ulimini, na alikuwa kama ameweka mchanga. Siku hiyohiyo Serafina alimwita kupitia ukutani akamwuliza kama na yeye chai imekuwa maji. Oliva, aliyekuwa bado hajasafiri, alikuwa amekaa jikoni anatafuna limao na maganda yake, machozi yakimtoka, si kwa uchungu wa limao bali kwa kuukosa.

Kwa wanawake wale watatu ladha ilirudi baada ya wiki, kidogo kidogo. Kwa Leodegar haikurudi. Hakulalamika. Alikaa mbele ya sahani kwa adabu, akaisogeza, akaenda chumba cha nyuma ya duka walikohifadhi makreti. Kufikia katikati ya Septemba alikuwa ametoboa mkanda wake matundu matatu mapya. Serafina alimpeleka hospitalini mwenyewe, akamsimamia vipimo vyote. Havikuonyesha kitu.

"Hana TB, hana kisukari, hana minyoo," alimwambia Evelina kwenye baraza, kwa sauti ya chini. "Mtu anakufa njaa ndani ya nyumba yenye chakula, Mama ——. Mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini. Anaenda kufanya nini kule nyuma?"

Evelina naye alikuwa ameshaanza kusikia. Mara ya kwanza ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo mtaa unanyamaza kwa joto, baiskeli zimeegeshwa na hata kuku wamejikunyata kivulini. Alikuwa amesimama kwenye kaunta anafuta chupa. Nyuma ya ukuta wa mbao, chumba cha makreti, mtu alikuwa anasukutua. Si kelele kubwa: maji yanayozungushwa mdomoni polepole, shavu hili, shavu lile, chini ya ulimi, kama Pantaleo alivyofundisha, muda mrefu kuliko pumzi ya mtu inavyoruhusu, na baada ya hapo akasubiri kusikia yakitemwa, akasubiri, na hayakutemwa. Yalimezwa.

Alidhani ni Leodegar. Akageuka, akamwona Leodegar amesimama nje barabarani, anazungumza na fundi baiskeli.

Alifungua mlango wa nyuma. Makreti yalikuwa kama alivyoyaacha. Sakafuni, katikati, palikuwa na lile beseni ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelirudisha juu ya kabati, na kando yake chupa ya mvinyo mtamu, imefunguliwa, imebaki nusu. Harufu ya chumba ilikuwa ya mdomo wa mtu aliyeamka sasa hivi. Kitu kimoja kilimfanya arudi kinyumenyume. Mvinyo ulikuwa umedondokea sakafuni pande zote, mtamu, wa juzi na wa jana, na hapakuwa na nzi hata mmoja, wala sisimizi.

*

"Ni mimi ninayemwekea," alisema Leodegar alipoulizwa. Hakujificha. Walikuwa wameketi kitandani, jua la alasiri likiingia dirishani, na Evelina aliona jinsi mikono ya seremala ilivyobaki mifupa.

"Unamwekea nani?"

"Unajua."

"Sijui, baba. Niambie."

"Anasukutua kama alivyokuwa anasukutua asubuhi kabla ya shule. Kwenye beseni lake. Wewe mwenyewe ulilishusha."

Moyo wa Evelina, alisema baadaye, ulitaka sana kukubali. Miaka kumi na minane si kitu kwa mama.

"Umemwita?" aliuliza mwishoni.

"Namwita kila siku."

"Anaitika?"

Leodegar alitazama mikono yake. "Bado. Lakini anasikiliza. Nikimwita, ananyamaza."

"Mwanao alikuwa anaitika kabla hujamaliza kumwita. Ulikuwa unamwambia, wewe, subiri basi nimalize. Umesahau?"

"Amekaa mbali muda mrefu. Labda amesahau jina lake. Kwa hiyo namwita, halafu naitika mimi badala yake, ili akumbuke. Naita, halafu nasema, bee baba. Naita, bee baba. Atakumbuka tu."

Evelina aliondoka pale akaenda kwa katekista, na katekista akamwita padri, na padri akaja Alhamisi, akabariki duka na chumba cha nyuma, akanyunyiza maji kila kona. Yaliyobaki aliyaacha ndani ya beseni kwa heshima. Kabla hajafika barabarani beseni lilikuwa kavu.

Jioni ile Masalu alileta maziwa. Alimtazama Leodegar, akakohoa, akamvuta Evelina kando.

"Mama ——, nikuulize kwa uzuri. Tulikaa sita pale. Mwalimu alikwenda zake; nyinyi wanne mliobaki mlipoteza ladha. Mimi jana nimekula ugali na mlenda nikaramba mpaka kisigino cha mkono. Kwa nini?"

"Sijui, mzee."

"Mimi nilimeza," alisema Masalu, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania. "Kwetu kinywaji ukikitoa mdomoni, umempa mtu. Nyinyi mlimpa nani?"

*

Jumamosi iliyofuata, saa tisa kasoro, Evelina alikuwa nje ya mlango wa chumba cha nyuma, sikio kwenye mbao. Ndani Leodegar alikuwa amepiga magoti; alimwona kupitia upenyo. Alikuwa anaita. Aliita jina la mtoto wao kwa sauti ileile ya zamani, ya kumwita kutoka uani aje kula, halafu, kwa sauti nyembamba ya kuigiza, akajiitikia, bee baba. Akaita tena, akajiitikia. Akaita mara ya tatu, na kabla hajafungua mdomo kuitika, kitu kikaitika kutoka kwenye beseni, bee baba, kwa sauti ya kinywa kilichojaa maji, sauti isiyokuwa ya mtoto wala ya mtu mzima, bali kama vinywa vitano vimesemeshwa pamoja na hakuna kinachoongoza, na Leodegar akaanza kulia kwa furaha, akiita na kuitikiwa, akiita na kuitikiwa, upesi zaidi na upesi zaidi, mpaka Evelina akashindwa kujua anayeita ni nani na anayeitika ni nani.

Alikimbia bila viatu mpaka kwenye mashine ya kukoboa mpunga karibu na stesheni. Pale palikuwa na mwanamke aitwaye Omega, wa miaka arobaini hivi, aliyepepeta pumba kwa ujira na kuagua watu anapopata nafasi. Alikuwa mweupe kwa vumbi mpaka kope. Alimsikiliza Evelina huku mashine ikinguruma, akamwomba arudie jambo moja tu.

"Mlitema mara ngapi?"

"Watu watano, chupa nne nne."

"Mafunda ishirini. Mlimtaja nani?"

"Hatukumtaja mtu."

"Na chombo kilikuwa cha nani?"

Evelina alisema kilikuwa cha nani. Omega aliweka ungo chini.

"Sikiliza, mama. Huyo si mwanao. Mwanao alishafika alikokwenda, na hana shida na mvinyo wenu. Huyu alikuwa anapita zake tu. Akakuta sahani imewekwa, chakula kimetoka mdomoni mwa watu, jina halikutajwa. Angefanya nini? Akaketi. Sasa mumeo anampa jina. Amempa nusu. Jina likiwa nusu, huyo amefungwa kwenu, na atamla mumeo mpaka abaki mifupa ndipo ahamie kwako."

"Tufanye nini?"

"Mmalizieni. Mpeni jina lote, mumpe na ruhusa aondoke nalo. Mlitema bila kutaja, temeni mkitaja. Wote waliotema."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo jina ni lake. Haliwi lenu tena. Msimwite mtoto yeyote kwa jina hilo, msilisome kwenye misa ya marehemu, wewe usiitwe kwalo. Siku mtakayolitamka, hataitika mwanenu. Ataitika yeye, na atajua njia."

Evelina alisema kwamba pale mashineni, katikati ya kelele, ndipo alipomlilia mtoto wake kwa mara ya pili, na kilio cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, kwa kuwa cha kwanza alikuwa na jina la kulilia.

*

Walikusanyika kesho yake, Jumapili, saa tisa ileile. Oliva, aliyepelekewa habari kwa simu ya stesheni, alikuwa amerudi kwa treni ya asubuhi. Serafina alikuja na sare zake za kazi. Masalu aliambiwa aje na baiskeli. Waliketi kama walivyoketi, beseni katikati, na chupa nne. Kiti cha Pantaleo kilikuwa kitupu. Hakuna aliyejua alipo.

"Kinywa cha mgeni hakipo," alisema Omega, akitazama kiti. Hakupendezwa. "Tutafanya kwa vilivyopo."

Leodegar alikuwa ameshikiliwa begani na Oliva ili asianguke. "Sitaki," alisema. "Nyinyi mnataka nimfukuze mwanangu. Ameshaitika. Mama yake amesikia."

"Nimesikia," alisema Evelina.

"Sasa?"

"Mwulize neno. Lolote. Mwulize anataka nini."

Leodegar akaliinamia beseni. Aliita jina, na papo hapo, mchana kweupe, mbele ya watu sita, likaitika, bee baba. Serafina alishika rozari yake. Leodegar akatabasamu, akauliza taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa: "Unataka nini, mama? Mwambie baba."

Sauti ile ilisukutua. Kila aliyekuwapo alisikia ikizungusha, shavu hili, shavu lile. Kisha ikasema kwa sauti ya Pantaleo, "Usimeze." Ikanyamaza, ikatafuta, na kwa sauti ya Serafina ikasema, "Unakausha mdomo kama kidonge kilichokwama," na Serafina akajiziba mdomo kana kwamba maneno yametoka kwake sasa hivi, na kabla hajashusha mkono ikacheka kicheko cha Oliva, kile cha kuziba mdomo kwa kiganja, ikisema naona haya, naona haya, naona haya jamani, na Oliva akaachia bega la shemeji yake akarudi nyuma mpaka ukutani, na Leodegar akaita jina kwa nguvu, kama anayemvuta mtoto kutoka barabarani, ikaitika bee baba, akauliza mama, unataka nini, nawe ni nani, na ikamjibu kwa sauti yake mwenyewe, sauti ya Leodegar, ya taratibu, ya mtu wa maneno machache: "Huu bado mtoto."

Haikuwa na kitu kingine. Ilikuwa na maneno yaliyotemwa tu, na lile moja aliloifundisha Leodegar.

Leodegar aliponyanyuka, hakumtazama Omega wala mtu mwingine. Alimtazama mkewe.

"Tutamwitaje sasa mwanetu, Evelina?" Alikuwa hajamwita kwa jina lake tangu mwaka 1971.

"Hatutamwita," alisema.

Wakamimina. Leodegar alichukua funda la kwanza, akatema na kulitaja jina. Evelina akafuata, kisha Oliva, kisha Serafina, chupa nne, mafunda kumi na sita, na kila funda na jina, na ruhusa ya kuondoka nalo. Kwa kila tamko sauti ile iliitika, lakini kila safari kwa mbali zaidi, kutoka chini ya sakafu, kisha uani, kisha barabarani, mpaka ya mwisho ikasikika kama mtoto aliyetumwa dukani anaitika akiwa ameshapinda kona. Beseni likabaki limejaa. Mvinyo haukukauka. Nzi wa kwanza akatua kwenye ukingo.

Masalu, ambaye hakutema na kinywa chake hakikujulikana na kitu kile, alilifunika kwa kitambaa, akalifunga kwenye keria ya baiskeli yake ya Phoenix, akaendesha bila kugeuka mpaka Kivukoni. Pantoni ilikuwa upande wa pili. Alilishusha majini ukingoni, likaelea kidogo, ua lake likitazama juu, kisha likaenda na maji ya mto Kilombero. Alimwambia Evelina jioni kwamba njia nzima lilikuwa zito kama amebeba mtu aliyekaa.

Kabla ya kuondoka Omega alisimama mlangoni, akautazama mlango wenyewe.

"Mngekuwa watano, ningesema umefungwa," alisema. "Sasa umerudishiwa tu. Hauna komeo. Mnaelewa? Asisukume mtu."

Usiku ule Leodegar alikula ugali na dagaa, akalalamika kwamba chumvi imezidi.

*

Duka lilifungwa mwezi uleule. Rafu zile sasa ziko sebuleni, zina vyombo. Beatus alipeleka fundi makaburini, msalaba wa mtoto ukapakwa saruji upya. Una mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, na juu yake, palipokuwa na jina, ni laini. Majirani waliambiwa wamwite Evelina Mama Rose. Wazee walikosea mara kadhaa mwanzoni, wakafika katikati ya jina, wakamwona amenyoosha mkono, wakaacha.

Habari za hao waliokuwapo, kufikia mwaka huu wa 2019, ni hizi. Serafina alifariki mwaka 2008 kwa shinikizo la damu. Omega alifariki mwaka 2011. Pantaleo hajulikani yu wapi. Beatus aliwahi kumtafuta mpaka Dodoma na Mbeya, akarudi. Mzee Masalu yu hai, alihamisha ng'ombe wake na anaishi upande wa Malinyi. Oliva yu hai, Mlimba. Evelina yu hai, ana miaka sabini, na haendi safari tena, hata misibani, kwa kuwa hawezi kutoka nyumbani kwa zaidi ya saa moja.

Leodegar yu hai. Ana miaka sabini na tisa. Mwili wake ni mzima na anakula vizuri, lakini tangu miaka mitatu iliyopita anasahau. Alianza kusahau ya jana, akaja kusahau wajukuu, akasahau Beatus na Rosemery. Duka halikumbuki, wala alasiri ile, wala katazo la kulitamka jina lile. Yanayorudi ni ya zamani sana. Alasiri, kama saa tisa, hugeuza kiti chake kuelekea uani, hunyoosha shingo kama mtu anayetaka kumwita mtoto aje kula, na hufungua mdomo. Evelina huwa amekwisha kukaa mbele yake, bakuli la uji mapajani, na kijiko kimejaa.